Sukari Iliyowalisha Samurai wa Shimazu

Historia ya ukoo wa Shimazu husimuliwa kwa panga. Husimuliwa jinsi Tadahisa alivyokabidhiwa usimamizi wa ardhi kusini mwa kisiwa cha Kyushu, Japani, mwaka 1185, na jinsi Yoshihiro, akiwa upande ulioshindwa katika vita vya Sekigahara mwaka 1600, alivyowapenya maadui waliomkabili badala ya kugeuka nyuma, akarejea kwao na wafuasi wachache. Ni ushujaa wa kweli. Lakini ushujaa haulishi askari kwa karibu karne saba, na anayetaka kujua utawala wa ukoo huu ulidumuje hadi 1871 hana budi kufuata fedha. Fedha nyingi zilitoka visiwani.

Mwaka 1609 Shimazu walituma askari wapatao 3,000 kuuvamia ufalme wa visiwa vya Ryukyu. Walimteka Mfalme Sho Nei, wakajitwalia Amami Oshima na visiwa jirani. Baadaye wakulima wa huko walilazimishwa kulima miwa: ng'ombe akazungusha kinu, maji ya miwa yakachemshwa pamoja na chokaa hadi yakaganda kuwa sukari guru, na shehena ikapelekwa Kagoshima, makao ya ukoo. Kufikia miaka ya 1830 ukoo ulikuwa umezama katika deni la ryo (sarafu za dhahabu) milioni 5. Zusho Hirosato, msimamizi wa mageuzi, aliwabana wakopeshaji wakubali kulipwa kidogo kidogo kwa miaka 250 bila riba, kisha akaikaba Amami. Aliyeuza sukari kwa magendo alikabiliwa na kifo, na mchele mkulima aliupata kwa kubadilishana na sukari yake, kwa kipimo alichopanga mtawala. Aliyeelemewa na deni aliishia kuwa mtwana wa jirani tajiri.

Wapo watakaosema kwamba ndivyo zama zile zilivyokuwa, na kwamba fedha hiyo ndiyo iliyoiokoa Japani. Ni kweli Nariakira, mtawala wa ukoo huo, alijenga viwanda vya Shuseikan. Ni kweli pia kwamba baada ya manowari za Uingereza kuishambulia Kagoshima mwaka 1863, ukoo ulituma vijana kusoma London mwaka 1865, na miaka mitatu baadaye ukashiriki kuung'oa utawala wa Tokugawa. Lakini hoja ya zama haisimami, kwa sababu Saigo Takamori, samurai wa Shimazu wenyewe, alipopelekwa Amami mwaka 1859 alilalamikia jinsi wenyeji walivyotendewa. Na ikiwa fedha hiyo iliiokoa nchi, basi waliookoa ni pamoja na waliokata miwa. Anayeisifu Shuseikan, iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2015, awataje watu wa Amami Oshima, Kikai na Tokunoshima pamoja na Nariakira.