Shule na Vyuo Vijibu Wananchi

Kila mwaka, majira ya kudahili wanafunzi yanapowadia, nyumba nyingi za wafanyakazi hukosa usingizi. Mtoto amemaliza kidato cha sita, baba yuko zamu bandarini, mama yuko sokoni, na simu moja hupita mkono hadi mkono ikitafuta habari za chuo. Saa hiyo ndiyo saa ya tapeli. Hufungua ukurasa katika mtandao wa kijamii, akabandika nembo ya chuo na picha ya jengo lake, akaandika namba yake ya simu, akadai fedha za kushikia nafasi. Mzazi aliyeuliza katika ukurasa wa kweli wa chuo asijibiwe, hujibiwa na tapeli upesi, tena kwa adabu. Akiba ya miezi mingi hutoweka, na nafasi haipo.

Hatuandiki haya ili kuwatia wananchi hofu, wala hatuilaani mitandao. Twayaandika kwa kuwa twaamini sehemu ya lawama ni ya shule na vyuo vyenyewe. Vingi vimefungua kurasa Facebook na Instagram, na makundi ya wazazi WhatsApp. Vilivyojiuliza kwanza kurasa hizo ni za kazi gani ni vichache.

Msomaji na azitazame. Ataona picha za mgeni rasmi akikata utepe, picha za mahafali, na salamu za sikukuu. Chini ya picha hizo ataona maswali ya wananchi: Ada inalipwaje? Hosteli zimejaa? Mtoto aripoti siku gani? Maswali hayo hukaa juma zima bila jibu. Shule imesema mengi, lakini haikumsikiliza mtu. Debe shinda haliachi kutika.

Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwezi wa Oktoba 1961, katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 15. Katika chuo cha watu wachache namna ile, mwenye shida aliweza kubisha mlango na kusikilizwa. Leo wanafunzi wa vyuo vyetu ni maelfu kwa maelfu, na wazazi wao wametapakaa tangu Kagera hadi Mtwara. Hawawezi wote kupanda basi kwenda kuuliza swali moja. Kwa hiyo ukurasa wa chuo ni dirisha la ofisi, na dirisha lisilo na karani ni ukuta tu.

Wengine watasema kuwa mambo haya ni mapya na hatuna uzoefu. Sivyo. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio. Watu wapatao milioni 2 walijifunza, kwa muda wa wiki 12, namna ya kujikinga na maradhi. Redio peke yake isingaliiweza kazi ile. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa, vitabu vikachapwa kwa lugha nyepesi, na vikundi vikapangiwa nyakati za kukutana. Baada ya kusikiliza, watu walijadiliana, wakakata shauri, wakaenda kuchimba vyoo. Chombo kilifanya kazi kwa sababu mpango ulitangulia. Shule zetu leo zimetanguliza chombo, na mpango bado zinausubiri.

Je, mpango huo uwe na nini?

Jambo la kwanza ni shabaha. Shule iandike katika karatasi moja: ukurasa huu ni wa kuwajulisha wazazi na wanafunzi mambo wanayoyahitaji, na kuwajibu. Sherehe zitapata nafasi yake baadaye.

Jambo la pili ni mtu na saa. Atajwe mtumishi mwenye dhamana ya ukurasa, apangiwe saa za kazi hiyo, na itangazwe kuwa kila swali litajibiwa kwa muda fulani. Kazi hii isitupiwe kijana wa mafunzo kwa vitendo, ambaye akiondoka huondoka na neno la siri la kufungulia ukurasa.

Jambo la tatu ni kumlinda mtoto. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora. Hata hivyo zipo shule zinazojipigia tarumbeta zenyewe, zikibandika sura ya mtoto, jina lake kamili na alama zake kama bidhaa dukani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeziweka taarifa za watoto katika fungu la taarifa nyeti. Basi picha ya mtoto isitoke bila ridhaa ya mzazi, na jina la mtoto anayedaiwa ada lisitoke kamwe. Tena, Facebook na Instagram zenyewe haziruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kujiandikisha. Shule ya msingi inayowahimiza wanafunzi wake kujiunga huko inawafundisha kusema uongo juu ya umri wao.

Jambo la nne ni vita dhidi ya matapeli. Kila chuo kiandike anwani ya ukurasa wake wa kweli katika barua za kujiunga, katika tovuti yake na katika ubao wa getini. Kirudie kila msimu kuwa malipo ya taasisi za umma hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, wala hayatumwi kwa simu ya mtu binafsi. Kinapouona ukurasa wa uongo, kiutangaze siku ile ile na kutoa taarifa polisi.

Jambo la tano ni lalamiko. Mwanafunzi akiandika kwamba bweni halina maji, wapo wakuu wanaoamuru maneno hayo yafutwe. Kufuta si kujibu, na maji hayaji kwa kufuta. Kiongozi anayejiamini huandika: tumesikia, pampu imeharibika, fundi anakuja siku fulani. Kisha hutimiza. Matusi na uzushi vina dawa yake katika sheria, lakini mwenye kiu asihesabiwe kuwa mzushi.

Jambo la sita, na kwetu ni kubwa, ni mwananchi asiye na simu ya kisasa, au asiye na fedha ya kifurushi. Habari inayomhusu mzazi isikae mtandaoni peke yake. Ibandikwe ubaoni, itumwe kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida, isomwe katika kikao cha wazazi. Mtoto wa mkulima asikose nafasi kwa kuwa baba yake hana mtandao.

Twajua walimu watatuuliza: kazi hii ataifanya nani, nasi tuna madarasa yaliyofurika? Swali hilo ni la haki. Ndiyo maana hatusemi kila shule iwe na kurasa tano. Shule ndogo na iwe na njia moja tu inayoimudu, ijibu mara mbili kwa juma, na itangaze hivyo. Ahadi ndogo iliyotimizwa huwafaa wazazi kuliko kurasa nyingi zilizolala. Ama vyuo vikuu, vyenye maofisa wa uhusiano na bajeti zao, havina udhuru huo.

Tukumbuke pia kuwa Facebook yenyewe ilizaliwa chuoni, huko Harvard, Marekani, mwaka 2004, ili wanafunzi wapate kujuana. Leo ni biashara kubwa inayopata faida kwa kuyashika macho ya watu yasibanduke. Wenye biashara hiyo wana mpango wao. Shule isiyo na mpango wake itafuata wa kwao, itahesabu wapenzi wa picha zake na kujiona imefanikiwa, huku mzazi mlangoni akiendelea kungoja.

Twawaomba wakuu wa shule na vyuo, kabla msimu mwingine wa udahili haujafika, waketi na watumishi wao, wafungue kurasa zao, wayasome maswali yote ya wananchi yaliyokosa majibu, na wayajibu moja baada ya moja. Na kamati za wazazi, pamoja na matawi ya wafanyakazi, ziulize katika vikao vyao kama kazi hiyo imefanyika.