Kosa si la ngozi yetu

Jamani, nimechoka kusikia eti watu weusi hawatoki vizuri kwenye picha. Uongo mtupu! Juzi nilimpiga picha bibi mmoja barazani kwake Hurumzi, nyuma yake ukuta wa chokaa. Nikamwonyesha. Akacheka: "Mjukuu wangu, mbona umepiga ukuta?"

Kamera hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu, na hudhani kila kitu ni kijivu cha wastani. Ikikutana na chokaa nyeupe inapunguza mwanga, uso unabaki kivuli. Programu za simu zinazopima kwa kamera zina ugonjwa huo huo.

Kwa hiyo wewe unayedunduliza pesa ya lenzi mpya, ngoja kwanza. Nunua kipima mwanga cha mkononi chenye kuba jeupe, kinachopima mwanga unaoangukia uso. Kiweke karibu na uso, kuba lielekee kamera. Ukuta hautakudanganya tena. Mtumba unatosha: Sekonic L-398 haihitaji hata betri, ila ijaribu kabla ya kulipa, maana seli kuukuu huchoka. Mtu wa filamu, hakikisha chako kina kipimo cha picha 25 kwa sekunde.

Nilirudi Hurumzi na cha kuazima. Safari hii bibi alijiona. Mnasemaje?