UKURASA WA JAMAA: Kitabu Kinakataa Kulia Ndani ya Radio



Siku hizi vitabu havisomwi kwa macho tu. Kijana wa Kisangani anavuta kitabu cha kusikiliza kwenye intaneti, anakiweka ku karte memwari, anakituma kwa koko asiyeona vizuri, ao kwa baba aliye ku machimbo upande wa Bafwasende. Pikipiki inafika, karte inaingizwa ndani ya radio ndogo, na radio inanyamaza. Feza ya mega imeenda bure, na mzee anafikiri kama radio imekufa.

Hapana. Mara nyingi radio iko nzima. Haijui tu luga ya kile kitabu.

Kwanza, angalia herufi za mwisho za jina la fishie. Radio hizi ndogo karibu zote zinasoma MP3, lakini vitabu vingine vinakuja katika M4B ao WMA. Kubadilisha jina tu hakusaidii. Ukiandika “mchele” juu ya mfuko wa maharagi, ndani ni maharagi tu. Lazima kugeuza sauti yenyewe. VLC, programu ya bure iliyozaliwa kwa wanafunzi wa Ufaransa, inafanya kazi ile ku ordinatere bila intaneti. LibriVox, iliyoanza mwaka wa 2005, inatoa bure vitabu vya zamani, hata vya Kifaransa, na MP3 iko pale tayari.

Pili, kuna vitabu vyenye kufuli. Kile cha Audible, chenye herufi AAX, kinasikilizwa ndani ya aplikasio yake. Hakihamie ku radio yetu. Usitafute kuvunja kufuli. Uliza mbele ya kulipa kama MP3 inapatikana.

Tatu, karte yenyewe. Ile inayopita giga 32 kwa kawaida inapangwa kwa exFAT, na radio nyingi za zamani zinajua FAT32 tu. Nunua ya giga 32 ao chini. Kama unaiformati, kumbuka: kila kitu ndani kitafutika, hata picha za harusi. Uzihamishe kwanza.

Ine, mpangilio. Andika 001, 002, 003. Ukiandika 1, 2, 10, radio nyingi zitaimba 10 kabla ya 2, na koko atasikia mwisho wa habari mbele ya mwanzo. Tena, nakili sura moja moja kwa kufuatana, maana radio zingine zinafuata namna zilivyoingia.

Kwa sauti ya mtu anayesoma, kilobiti 64 zinatosha: saa moja inakula karibu mega 29. Kitabu cha saa 20 hakifike hata mega 600.

Shida hii si mpya. Mwaka wa 1939 Mama Joy Ridderhof alianzisha Gospel Recordings kule Los Angeles, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Walipoona kama vijijini hakuna kuran, wakatengeneza mashini ya karatasi ngumu ya kupigia sahani, inayozungushwa kwa mkono. Walitazama kwanza chombo kilicho mikononi mwa msikilizaji.

Ninyi vijana mnaojua ordinatere, fanyeni vile vile. Uliza mzee iko na radio gani. Jaribu karte ndani ya radio ya namna ile, sikiliza sura mbili ao tatu, kisha njo uipatie mtu wa pikipiki. Kule machimboni hakuna wa kuitengeneza.

Tuonane mwezi ujao.