Mji mkubwa bila mizani ni hasara kwa mkulima

WAKULIMA wengi huamini kwamba mji ukikua, wao nao watanufaika. Historia ya miji mikubwa ya Uholanzi katika karne ya 16 na ya 17 inaonyesha kuwa imani hiyo ni nusu tu ya ukweli. Mji humnufaisha mkulima pale unapokuwa na mizani ya haki, usafiri wa uhakika na bei inayojulikana kwa wote.

Mwaka 1622 Amsterdam ilikuwa na wakazi wapatao 105,000, ikifuatiwa na Leiden yenye 45,000 na Haarlem yenye 39,000. Miaka 40 hivi kabla ya hapo, Amsterdam ilikuwa na watu kama 30,000 tu. Wengi walioongezeka walikuwa wahamiaji, wakiwamo wakimbizi wa vita kutoka kusini, hasa baada ya jeshi la Hispania kuuteka mji wa Antwerp mwaka 1585. Walikuja na mitaji na ufundi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Watu wote hao walihitaji kula. Hata hivyo, wakulima wa jirani hawakukimbilia nafaka. Ardhi yao ilikuwa ya majimaji, na nafaka ililetwa kwa meli kutoka nchi za Bahari ya Baltiki, hasa kupitia bandari ya Gdansk. Badala ya kushindana na meli hizo, wengi waligeukia ng'ombe wa maziwa, siagi, jibini na mboga. Hata taka za mjini zilipakiwa kwenye mashua na kupelekwa shambani kuwa mbolea.

Faida hiyo isingepatikana kama mkulima angepunjwa sokoni. Kila mji wenye soko kubwa ulikuwa na nyumba ya mizani chini ya serikali ya mji. Alkmaar iligeuza jengo la kanisa kuwa nyumba ya mizani mwaka 1582, na Gouda ikajenga yake mwaka 1668 kwa ajili ya jibini. Mzigo mkubwa ulipaswa kupimwa hapo mbele ya muuzaji na mnunuzi. Mji ulitoza ushuru, lakini ushuru huo ulinunua kitu: uzito usiobishaniwa.

Usafiri nao haukuachwa ujiendee. Mashua za mizigo kati ya miji zilipangwa kwa zamu. Kuanzia mwaka 1632, Amsterdam na Haarlem ziliunganishwa na mfereji wa mashua za abiria zilizovutwa na farasi, zikiondoka kwa saa maalumu, zijae zisijae. Bei za bidhaa katika soko la Amsterdam zilichapishwa kila wiki tangu mwanzo wa karne ya 17.

Fedha ya mjini pia ilirudi shambani. Wafanyabiashara wa Amsterdam walichanga mtaji wa kukausha ziwa la Beemster kwa vinu vya upepo 43. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1612 na kuzaa zaidi ya hekta 7,000 za ardhi.

Si yote ya kuigwa. Sehemu ya utajiri wa Amsterdam ilitokana na dhuluma, kama mauaji ya wenyeji wa visiwa vya Banda mwaka 1621 kwa ajili ya kungumanga. Nayo Leiden iliegemea mno vitambaa vya sufu. Katika karne ya 17 ilifikisha wakazi zaidi ya 60,000, lakini soko la vitambaa lilipoporomoka, watu walihama. Kufikia mwaka 1800 ilibaki na takriban nusu yao.

Mkulima anayeijua lumbesa hahitaji kufafanuliwa zaidi. Gunia likishonewa kilemba, mji unaokua unamnenepesha dalali, naye mwenye shamba anabaki na jasho lake. Viongozi wanaokusanya ushuru wa soko wajiulize unamrudishia mkulima nini: mizani, barabara, au risiti tu? Wakulima nao wadai kupimiwa kwa kilo, na wasiweke mtaji wote kwenye zao moja. Ukubwa wa mji peke yake haujawahi kumlipa mkulima.