Tukue katika imani: Mtu aliyesoma Biblia mara nne pale Kabambare



Kuna ulizo moja lenye kurudia kila mara pahali pa machimbo, katika Kabambare na Kasongo, sawa vile kule Kalima na Kampene. Mchimbaji anauliza: "Namna gani miye nitakaribia Mungu, na niko mu shimo toka asubui mpaka magaribi? Padri anafika kisha miezi, barabara imekufa, na hata siku ya Mungu motopompe iko inalia tu." Naye mama mwenye kutwanga mawe anasema: "Tuache kwanza, mwalimu. Nikisha kupata feza ya masomo ya watoto, njo nitaomba vizuri."

Shida hizi ni za kweli, wala hatuzicheki. Lakini chini ya maneno hayo kuna wazo lililojificha: ya kwamba kumkaribia Mungu ni kazi ya mtu aliyekwisha kutulia, na kwamba tutakua katika imani siku ile mambo yatakapokuwa mazuri. Je, wazo hilo ni la kweli? Mwezi huu tutalipima kwa mfano mmoja, na hatutaenda mbali kuutafuta. Tutabaki hapa hapa kwetu.

Mgeni mwenye vidonda

Tarehe 21 Septemba 1869 mzungu mmoja alifika Kabambare akitoka Ujiji, ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Jina lake David Livingstone, mganga na mmisionari. Alizaliwa mwaka 1813 katika jamaa ya kimasikini kule Scotland. Tangu umri wa miaka kumi alifanya kazi katika kiwanda cha pamba, toka saa kumi na mbili ya asubuhi mpaka saa mbili ya usiku, na alikuwa akiweka kitabu juu ya mashine ili asome mstari mmoja mmoja kila anapopita. Watoto wetu wenye kukua machimboni wangemfahamu bila kuelezwa mara mbili.

Alikuja Maniema kutafuta chanzo cha mto Nile. Alifikiri Lualaba ndiyo mwanzo wake. Alipotea: leo mtoto wa shule anajua ya kwamba Lualaba inaenda kuwa mto Kongo. Kile alichokifuata kwa taabu nyingi hakikuwa hapa. Wachimbaji wangapi wamepatwa na jambo hilo!

Kisha akakwama. Alijaribu kuondoka Kabambare, akashindwa. Mwezi wa 6 wa mwaka 1870 watu wake walimkimbia, akabaki na watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Njia ilikuwa mvua na matope, miguu yake ikajaa vidonda visivyopona, akarudi Kabambare. Sanduku lake la dawa lilikuwa limekwisha kuibiwa tangu mwaka 1867. Toka tarehe 22 Julai mpaka tarehe 10 Oktoba, siku themanini, hakutoka nyumbani. Watu aliowangoja kutoka pwani walimfikia mwezi wa 2 wa mwaka 1871.

Alifanya nini katika kungoja kule? Mwezi wa 10 wa mwaka 1870 aliandika katika daftari lake ya kwamba, tangu aingie Maniema, amesoma Biblia nzima mara nne. Mara nne, toka Mwanzo mpaka Ufunuo, kwa muda wa mwaka mmoja na kidogo!

Tufahamiane vizuri. Hatusemi kidonda ni zawadi, wala barabara iliyokufa ni baraka. Mgonjwa atafute dawa, na wakubwa watengeneze barabara. Tunasema hivi tu: wakati wa kukwama si wakati uliokufa. Mungu hangoji mpaka tufike ndipo aanze kusema nasi.

Akili ya shimo na akili ya shamba

Katika Injili ya Marko, sura ya 4, mistari 26 mpaka 29, Yesu anaeleza juu ya mtu aliyetupa mbegu udongoni. Mtu yule analala na kuamka, usiku na mchana, na mbegu inaota na kukua, yeye mwenyewe hajui namna gani.

Watu wa Kasongo, wenye kulima mpunga, wanaufahamu mfano huu. Hakuna mtu anayekwenda shambani kila asubuhi kuvuta majani ya mpunga kusudi yarefuke. Anapalilia, anafukuza ndege, anangoja. Lakini mchimbaji amezoea namna nyingine. Anapiga mwamba leo, anataka kuona leo. Asipoona, anahama shimo.

Akili ya shimo ni nzuri kwa kazi ya shimo, lakini ukiipeleka katika sala, itakuharibia. Utaomba siku tatu, hautaona kitu, utasema: "Hapa hakuna." Utahama kanisa, kisha kanisa lingine. Mwisho utafika kwa yule mwenye kujiita nabii, anayeombea mashimo kwa feza, au kwa mwenye kuuza dawa ya kuvuta zahabu. Hao wote wanauza kitu kimoja: mavuno ya leo bila shamba. Ukikuta zahabu watasema ni nguvu yao. Ukikosa watasema imani yako ni ndogo. Wao hawapotezi kamwe.

Anayesoma neno la Mungu kila siku, kidogo kidogo, mara nyingi haoni kitu kinachogeuka. Wengine ndio watakaokuja kuona. Mke wake ataona kwamba amepunguza kelele nyumbani. Mwenzake wa kazi ataona kwamba hasabu zake zimekuwa safi.

Neno linafungua macho

Sasa tufike pahali pa kupimwa. Mwezi wa 3 wa mwaka 1871 Livingstone alifika Nyangwe, katika eneo la Kasongo, kando ya Lualaba. Kulikuwa soko kubwa, nao wengi wa wauzaji walikuwa wanawake. Yeye alipenda kutembea katika soko lile. Karatasi zilipomwishia aliandika juu ya gazeti la zamani, na wino aliutengeneza kwa mmea wa pori.

Tarehe 15 Julai 1871, watu 1,500 hivi walikuwa sokoni. Watu wa wafanyabiashara wa watumwa wakaanza kuwapiga bunduki. Wanawake wakakimbilia mitumbwi, wengine wakajitupa majini, na mto ukawachukua. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaona kwa macho yake, akayaandika.

Hapa kuna jambo gumu ambalo hatutalifunika. Mtu huyu alikuwa akiishi kwa msaada wa wafanyabiashara wale wale. Mmoja wao, Muhammad Bogharib, alimlisha na kumwuguza alipokuwa mgonjwa, naye Livingstone alimshukuru kweli. Tena aliogopa mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Hakuwa malaika, wala hakusimama mbali na uchafu akiwa na mikono safi. Alikula chakula kilichotoka katika kazi aliyoichukia.

Je, wengi wetu hatuko hivyo? Tunakula kwa PDG mwenye shimo, tunajua namna anavyowafanyia wengine. Tunauzia mnunuzi, tunajua mizani yake si ya haki. Tunaona mtoto wa miaka kumi akibeba mchanga saa za masomo, tunasema: "Njo maisha ya hapa." Tumezoea. Na kuzoea ndiko kunakoua imani polepole, bila mtu kukana Mungu hata siku moja.

Livingstone hakukubali kuzoea. Aliyesoma mara nne habari za Musa na Farao, za manabii wenye kutetea wajane, na za Bwana aliyesulubiwa, hakuweza kuyaita mambo ya Nyangwe "maisha ya hapa". Aliondoka kule, akarudi Ujiji, na barua zake zilifika Uingereza mwaka 1872. Zilisaidia kuwaamsha watu. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Livingstone hakupata habari hiyo. Alikuwa amekufa tarehe 1 Mei mwaka ule ule, katika nchi inayoitwa leo Zambia, na watu wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake mpaka Bagamoyo. Alipanda, hakuvuna.

Askofu wa Kasongo

Kusudi mtu asiseme hayo ni mambo ya wazungu wa zamani, tumkumbuke mwengine aliye wetu: Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, aliyezaliwa mwaka 1926 katika Kivu. Alikuwa askofu wa Kasongo tangu mwaka 1990, kisha mwaka 1994 akafanywa askofu mkuu wa Bukavu. Yule alikuwa Mprotestanti, huyu Mkatolika, lakini shule yao ni moja. Mwaka 1971, serikali ya Mobutu ilipowaingiza wanafunzi wa chuo kikuu katika jeshi kwa nguvu, Munzihirwa aliomba aingizwe pamoja nao. Mwaka 1996, vita ilipokaribia Bukavu na wakimbizi wa Rwanda walikuwa wengi katika makambi, aliwatetea wasio na mtetezi, akaomba amani kwa pande zote, akabaki na watu wake. Waliomwua walimwua Bukavu, pale Nyawera, tarehe 29 Oktoba 1996.

Moyo wa namna hiyo hauanzi siku ya hatari. Unajengwa katika siku nyingi za kawaida ambazo hakuna mtu anayeziandika.

Basi tufanye nini?

1. Chagua saa moja isiyohama. Kabla ya kushuka shimoni, au kisha chakula cha magaribi. Dakika kumi zinatosha kwa kuanza. Usingoje utulivu, kambi haitatulia.

2. Soma kitabu kwa mfuatano. Usifungue Biblia ovyo kama mtu anayepiga kura. Anza na Marko, sura moja kila siku: kwa siku kumi na sita umeimaliza. Kisha rudi mwanzo. Mara ya pili utakuta maneno ambayo mara ya kwanza yalikupita.

3. Asiyejua kusoma asione haya. Mtoto wa kelasi ya nne asome kwa sauti, jamaa yote isikilize. Hapo mtoto anapata masomo, na wazazi wanapata neno. Biblia moja inatosha nyumba tatu.

4. Msikutane tu siku padri au mchungaji anapofika. Mwalimu yuko, wazee wa shirika wako. Watu watano chini ya hema la plastiki, wakisoma na kuombeana, ni Kanisa.

5. Jipime kila siku ya posho. Mnunuzi ana mizani ya zahabu. Mkristu naye awe na mizani ya moyo. Je, mama aliyetwanga mawe amelipwa? Je, chakula cha watoto kimetumwa nyumbani kabla ya pombe? Je, jirani yangu Muislamu, ambaye katika Kasongo yetu ni ndugu yangu na shemeji yangu, ameona kwangu wema au majivuno? Yakobo, katika sura ya 1 ya barua yake, anamfananisha msikiaji asiyetenda na mtu anayejiangalia katika kioo, kisha anaondoka na kusahau sura yake.

Wapendwa, pengine shimo halitatoa kitu mwaka huu. Pengine barabara haitatengenezwa kesho. Mambo hayo hayako mikononi mwako. Lakini dakika kumi za leo ni zako, na hakuna PDG mwenye kuzidai.

Maulizo ya kuongea katika jamaa au katika shirika

– Ni jambo gani baya hapa kwetu tulilolizoea mpaka hatulioni tena?

– Katika sala zetu, tuko na akili ya shimo ao akili ya shamba?

– Nani katika nyumba yetu anaweza kusomea wengine, na saa gani?

Mungu awalinde shimoni na njiani. Mpaka mwezi ujao.