Aliyetumwa Arudi na Majibu Mawili

Nachukua nafasi hii kutoa maoni yangu juu ya jambo lililotuletea ubishi mkali katika darasa la kompyuta: je, fankisheni irudi na jibu moja ama zaidi? Kwa wasiosoma kompyuta, fankisheni ni kile kipande cha programu unachokituma kufanya kazi fulani, nacho kinakurudia na jibu.

Wenzangu wanaidharau Pascal, eti ni lugha ya wazee. Ni kweli Niklaus Wirth aliitoa mwaka wa 1970, na fankisheni yake hurudi na jibu moja tu. Ukitaka mawili, unaandika prosija na kuipa vigeu vyenye neno var, nayo inavijaza. C ni karibu hivyo hivyo: unaipa anwani ya mahali pa kuweka jibu la pili, ama unafunga yote katika kifurushi kiitwacho struct. Python haina taabu. Iambie divmod(17, 5), yaani mbuzi 17 kwa ndugu 5, itakupa 3 na 2 papo hapo: kila mtu watatu, wawili wamebaki.

Lakini mimi nasema idadi si hoja. Hoja ni kama jibu la pili linakueleza kuwa la kwanza ni la kuaminika.

Sisi wa Eldas tunajua kutuma mtu. Kabla ya kuhamisha mifugo, wazee hutuma watu kuangalia malisho na maji. Kwa Kisomali huitwa sahan. Sasa mtu arudi aseme, "Hakuna maji." Je, alifika akakuta kisima kimekauka, ama aligeukia njiani? Mambo haya mawili hayafanani hata kidogo! Ule ukame ulioanza 2020, mvua zilikosa misimu mitano mfululizo hadi 2022. Wakati kama huo, kukosea hapo ni ngamia kufa.

Mimi mwenyewe nilikosea. Niliandika programu ya kuhesabu mitungi ya maji tunayotumia nyumbani kwa siku. Siku ambayo hakuna aliyeandika, fankisheni yangu ilirudi na -1. Basi kompyuta ikajumlisha 4, 6, -1 na 5, ikagawanya kwa 4, ikasema wastani ni 3.5. Mama angeagiza maji kwa hesabu hiyo tungelala na kiu. Na ningeweka 0 ingekuwa vibaya zaidi, kwa sababu 0 haishtui mtu.

Ndiyo maana naipenda Go, iliyotangazwa na Google mwaka wa 2009. Huko ni desturi fankisheni kurudi na jibu pamoja na kosa, kama lipo. Rafiki yangu anapinga, ati mvivu anaweza kulitupa kosa kwa kuandika alama ya _. Sawa, lakini alama hiyo inaonekana, na mwalimu ataiona.

Hatuna haja ya kungoja Go. Nimeandika upya kwa hiyo hiyo Pascal ya wazee, prosija yenye var mbili: mitungi, na kama siku hiyo iliandikwa. Wastani sasa ni 5.