Kompyuta haizimi, lakini inasema kweli?

WAYA NA WATU
Na Zuhura Mwinyikai

Mwanzoni mwa mwaka 2024 wacheza gemu wa nchi nyingi walikumbwa na kioja. Gemu inaanza kupakia, inakatika, kisha unatokea ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya grafiki imekwisha. Watu wakahangaika na kadi. Wakaichomoa, wakaipangusa, wakabadilisha programu zake, na wenye uwezo wakanunua nyingine. Kumbe kadi haikuwa na kosa. Mkosaji alikuwa prosesa, tena si ya bei ya kutupa: ni Core i9-13900K na 14900K za Intel, zenye viini 24 kila moja na kasi iliyotangazwa kufika gigahezi 5.8 na 6.0. Prosesa ilikuwa inakosea hesabu wakati wa kufungua data za gemu zilizobanwa, kisha lawama ikamwangukia jirani yake.

Naikumbusha habari hiyo kwa sababu mafundi vijana wanaounganisha kompyuta za mezani bado wanatambiana kwa gigahezi. Huyu kafika 5.2, yule kamzidi kwa 5.4, na ushahidi ni picha ya skrini. Picha hiyo inathibitisha kwamba mashine iliishi hadi ikapigwa picha, basi. Mpaka wa prosesa hauko pale inapozima. Uko kabla ya hapo, mahali inapoanza kukosea huku feni zikizunguka na skrini ikiwaka kama kawaida. Anayetafuta mpaka kwa kungoja mashine izime ameshaupita bila kujua.

Nakubali kwamba kuna wakati ovakloki, yaani kuipandisha prosesa kasi kuliko ile ya kiwandani, ilikuwa neema kwa mnyonge. Mwaka 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu ya megahezi 300. Kasi hiyo ilitokana na mapigo ya megahezi 66 ya ubao mama, yakizidishwa mara 4.5. Mtu akipandisha mapigo hadi megahezi 100, alipata 450, kasi ile ile ya Pentium II ya juu kabisa ya mwaka huo. Nyingi zilikubali. Mwaka 2007 ikaja zamu ya Core 2 Quad Q6600, yenye viini vinne na gigahezi 2.4. Ukitoa mapigo kwenye 266 ukayaweka 333, kwa kuzidisha mara tisa unapata gigahezi 3.0, na zipo zilizofikishwa 3.6 zikiwa na kipozeo kizuri.

Hapakuwa na muujiza. Kiwanda hupima chipu kikazipanga kwa madaraja, na soko likitaka zaidi za bei ya chini, hata chipu yenye uwezo mkubwa huuzwa kwa daraja la chini. Juu ya hapo huachwa akiba, kama fundi cherehani anavyoacha upindo kwenye gauni la mtoto anayekua. Mwenye gauni akijua kufumua, anafaidi.

Siku hizi upindo huo kiwanda kimeufumua chenyewe. Prosesa mpya hujipandisha kasi bila kuguswa, ikipima joto, umeme na idadi ya viini vilivyo kazini, na gigahezi inayoandikwa kwenye boksi ndiyo ya kilele. Watengenezaji wa ubao mama nao wakashindana: mbao nyingi zilikuwa zinatoka dukani zikiwa zimelegeza vikomo vya umeme vilivyopendekezwa. Mteja hajagusa kitu, na tayari anaendesha mashine iliyosogezwa ukingoni.

Kwenye hizo Core i9 matokeo yalionekana. Mwezi Julai 2024 Intel ilikiri kwamba maikrokodi, yaani maelekezo yaliyomo ndani ya prosesa, yalikuwa yanaomba volteji kubwa kuliko inavyostahili. Agosti likaja toleo jipya lililozuia maombi yanayozidi volti 1.55. Septemba ikaeleza kiini cha tatizo: saketi inayosambaza mapigo ya saa ilikuwa inachakaa kwa volteji na joto la juu, hivyo volteji ya chini kabisa inayohitajika ili prosesa iwe thabiti ikawa inapanda. Waranti iliongezwa miaka miwili. Chipu iliyokwisha kudhurika haikuponywa na toleo lolote.

Hapo pana somo kubwa kuliko gemu. Mpaka unahama. Chipu iliyofaulu mitihani yote ikiwa mpya inaweza kushindwa mtihani ule ule baada ya miezi kadhaa, kwa mipangilio ile ile. Kwa hiyo fundi anayesema "niliipima nilipoifunga, haina shida" anazungumzia chipu ya siku ile.

Tukumbuke pia bei ya kila hatua. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volteji hupanda kwa kipeo cha pili. Ongeza kasi kwa asilimia 10, na volteji kwa asilimia 10 ili kasi hiyo ishike. Zidisha 1.1 kwa 1.1, kisha kwa 1.1 tena, utapata 1.331. Umeongeza joto kwa asilimia 33 ili upate asilimia 10 ya kasi, na hata hiyo huipati yote ikiwa kazi yako inangoja kumbukumbu au diski.

Wingi wa viini nao umeongeza ugumu. Viini vinane vilivyochongwa kwenye kipande kimoja cha silikoni havilingani. Kimoja hushika kasi kubwa kwa volteji ndogo, kingine kinadai zaidi. Kwenye Q6600 viini vyote vinne vilitumia mapigo na volteji moja, kwa hiyo aliye dhaifu ndiye aliyewapangia wenzake. Kwenye Ryzen, tangu familia ya 5000, AMD imeruhusu kila kiini kirekebishwe kivyake. Ni uhuru mzuri, ila mtihani mmoja umegeuka kuwa mingi.

Wengi huteleza hapo. Wanavibana viini vyote kwa pamoja usiku kucha, asubuhi wanashangilia. Lakini vyote vikibanwa, joto na kikomo cha umeme huvishusha kasi, na hakuna kinachofika kileleni. Kosa linajificha hadi siku kiini kimoja kitakaporuka peke yake kufungua ukurasa wa intaneti. Ndiyo sababu kuna kompyuta zinazohimili mzigo mzito kwa saa nyingi, halafu zinaanguka zikiwa hazifanyi kitu. Pima vyote pamoja, kisha kimoja kimoja, kisha uiache mashine ipande na kushuka yenyewe kwa matumizi ya kawaida.

Na pima kwa programu inayojua jibu. Prime95 ilitoka kwenye mradi wa kusaka namba tasa kubwa ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996. Jaribio lake haliishii kuichosha prosesa tu. Linalinganisha hesabu na majibu yanayojulikana. Hesabu ikiharibika, inakueleza kwamba kosa la ukadiriaji limefika 0.5 ilhali lilipaswa kuwa chini ya 0.4, na kiini kilichokosea kinasimamishwa huku mashine ikiendelea kuwaka. Ujumbe huo ndio mpaka. Ukiuona, rudi nyuma, tena si hatua moja tu: acha nafasi ya vumbi, ya joto na ya uzee.

Kwa sisi wa pwani, joto si jambo la pembeni. Miongozo mingi ya ovakloki imeandikwa na watu waliokaa kwenye vyumba vya nyuzi 20. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa wakati wa kaskazi kikiwa na nyuzi 32, tofauti ya nyuzi 12 huhamia karibu yote kwenye prosesa. Aliyeandika kwamba yake ilitulia kwenye 85, yako itakuwa 97, wakati Ryzen 7000 hujizuia ikifika 95 na Intel nyingi zikifika 100. Mipangilio iliyofaulu kipupwe irudiwe kupimwa kaskazi, baada ya kupuliza vumbi kwenye kipozeo.

Wapo watakaosema: mashine ni yangu, nikiiunguza hasara ni yangu. Kwa kompyuta ya gemu sina ugomvi nao. Lakini kompyuta hiyo hiyo mchana inahariri video ya harusi ya mtu, inapiga hesabu za chama cha akiba na mikopo, inajumlisha alama za wanafunzi. Kosa la kimya halibaki kwenye chipu. Linaingia kwenye faili, na faili inanakiliwa kama akiba pamoja na kosa lake. Mwaka 2021 wahandisi wa Facebook walieleza kisa cha seva ambayo kiini chake kimoja, kikipewa 1.1 kwa kipeo cha 53 na kuondoa desimali, kilijibu 0 badala ya 156. Kipeo cha 52 kilijibiwa sawasawa, 142. Seva haikuzima wala haikulalamika, ila kulikuwa na mafaili yaliyopotea kwa sababu ukubwa wake ulisomeka sifuri. Hiyo ni chipu yenye hitilafu, haikuongezwa kasi na mtu. Sasa mfikirie aliyejitakia.

Msimamo wangu basi ni huu. Mwenye kampuni ya ubao mama auze ubao ukiwa kwenye vikomo vya mtengenezaji wa prosesa, na anayetaka kuvivuka avivuke kwa mkono wake. Fundi anayeuza kompyuta aliyoiongeza kasi aandike hivyo kwenye risiti. Na kwa mashine ya kazi, ushujaa wa kweli ni kwenda upande wa pili: shusha kikomo cha umeme kidogo, utapoteza kasi ndogo na kupata ubaridi, ukimya na bili nafuu. Tahadhari moja tu, anayepunguza volteji bila kupunguza kasi naye anausogelea mpaka ule ule, kwa hiyo mtihani wake ni ule ule.

Ukienda kununua kompyuta iliyounganishwa, muulize muuzaji maswali matatu. Imepimwa kwa programu gani? Kila kiini kimepimwa peke yake? Chumba kilikuwa na joto kiasi gani? Akikujibu kwa gigahezi pekee, mwambie airudishe kwenye mipangilio ya kiwanda kabla hujafungua pochi.